Mwangwi wa Waterford kwenye majabali ya Newfoundland

Sauti ya mzee tuliisikia kabla ya kumwona mwenyewe. Ukungu ulikuwa umeifunika St. Bride's, kusini-magharibi mwa rasi ya Avalon, kisiwani Newfoundland, mashariki mwa Canada, hata nyumba ya pili barabarani haionekani, na mahali fulani ndani ya ukungu huo mtu alikuwa akimgombeza mbwa. Mimi sikusikia cha ajabu. Kilikuwa Kiingereza cha mbio, nikashika nusu. Lakini mwenzangu, mzaliwa wa Waterford huko Ireland ambaye tunafanya naye kazi Toronto, alisimama katikati ya njia kama aliyenaswa na umeme. "Huyo ni babu yangu," akasema. Babu yake alizikwa 1994.

Mzee alipojitokeza hakufanana na babu wa mtu. Mfupi, mabuti ya mpira, sweta limetoboka kiwikoni. Akatuuliza swali ambalo pwani ile huulizwa kila mgeni. Hawaulizi "mnatoka wapi?" Huuliza "ninyi ni wa wapi?", yaani unakohesabiwa, si ulikopandia ndege. Mwenzangu akajibu Waterford. Mimi nikajibu Tanga. Mzee akaitikia kwa kichwa kama vile miji hiyo miwili iko barabara moja, akatuingiza jikoni, akatuwekea chai ya maziwa ya kopo na mkate uliopakwa molasi. Kwa saa nzima nilimtazama mtu wa miaka arobaini na ushei akisikiliza habari za bei ya dizeli kama anayesikiliza taarabu.

Hadithi za namna hii huja zimeshashonwa, mtu kazi yake kuvaa tu. Damu haipotei. Bahari haitenganishi ndugu. Mkataa kwao ni mtumwa. Watu wa utalii nao wanaifahamu vizuri: barabara inayoizunguka sehemu ya kusini ya rasi hiyo, zaidi ya kilomita 300, inatangazwa kwa jina la Mzunguko wa Kiairishi. Machozi ya mwenzangu siyagombi, niliyaona na yalikuwa ya kweli. Ninachogomba ni maelezo. Ninavyoona mimi, alichokisikia St. Bride's ni kwao kwa tarehe fulani tu, tarehe ambayo kwao kwenyewe wameshaipita zamani, na kilichoitunza ni biashara ya samaki, madeni, na kukosekana kwa barabara. Hakuna aliyekaa akamtunzia yeye.

Tuanze na biashara. Katika karne ya 18, meli za magharibi mwa Uingereza, kutoka bandari kama Poole na Dartmouth, zilipokuwa zikienda kuvua Newfoundland zilipitia kwanza Waterford, kwa kuwa nyama ya nguruwe ya chumvi na siagi zilikuwa rahisi huko. Si muda zikagundua kwamba hata vijana ni rahisi. Waliandikishwa kwa majira mawili ya joto na baridi moja, kisha warudi. Arthur Young, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Ireland kukagua kilimo mwaka 1776, alistaajabia alichokikuta Waterford: meli 60 hadi 80, na abiria 3,000 hadi 5,000 kila mwaka, wote safari ya Newfoundland. Wengi walirudi. Waliokosa nauli walibaki, waliooa walibaki, na waliokumbuka wamekimbia nini nao walibaki. Kufikia miaka ya 1830 karibu nusu ya wakazi wa kisiwa walikuwa na asili ya Ireland.

Angalia hiyo tarehe. Njaa kuu ya viazi ilianza 1845. Sisi tulio wengi, tukimtaja mhamiaji wa Kiairishi, picha inayotujia ni ya mtu aliyekondeana akishuka New York au Boston. Watu wa pwani hii walikuwa wameshafika, wameshazaa, wameshazikana. Na hawakutoka "Ireland" kwa maana pana. Walitoka Waterford na jirani zake: kusini mwa Kilkenny, kusini-magharibi mwa Wexford, pembe ya Tipperary, mashariki ya Cork. Ni mwendo wa siku moja au mbili kwa miguu kutoka gatini. Kwa hiyo lile tukio la kwenye ukungu lisingempata kila Mwairishi. Mtu wa Belfast angesikia mzee anayemgombeza mbwa, basi, akaendelea na safari.

Walipofika walivua chewa wa maji baridi, yule Waingereza wanamwita cod. Mpaka leo pwani ile ukisema "samaki" bila kutaja jina umemsema huyo, wengine wote wana majina yao. Waairishi wenyewe waliiita nchi hiyo Talamh an Éisc, Nchi ya Samaki. Alipasuliwa, akatiwa chumvi, akaanikwa juu ya uchanja wa fito mpaka akakauka kama ubao. Mtu yeyote wa mwambao wetu angemtambua mara moja: ni ng'onda. Aliye bora aliuzwa Hispania na Ureno. Aliyeharibika alipelekwa visiwa vya Karibi kulishwa Waafrika waliokuwa watumwani, jambo ambalo sikusikia likitajwa popote kwenye Mzunguko wa Kiairishi.

Na biashara ilikwenda kwa mali kauli. Majira ya kuchipua tajiri humpa mvuvi unga, chumvi, ndoana na nguo. Vuli huchukua samaki kwa bei aliyoipanga yeye mwenyewe. Mvuvi angeweza kumaliza miaka bila kushika pesa taslimu. Anayedaiwa hahami. Hori moja, tajiri mmoja, kanisa moja, na njia ya kwenda kijiji cha pili ni mtumbwi, hali ya hewa ikiruhusu. Weka lafudhi yoyote ndani ya mtungi wa namna hiyo, uufunike karne moja na nusu, halafu usishangae ukifunua na kuikuta mbichi.

Sasa nije kwenye sauti yenyewe, maana hapo ndipo palipo na utamu. Mzee alipotuambia ameshakula, kwa Kiingereza chake ilikuwa "mimi niko baada ya kula". Mwingereza wa London hasemi hivyo. Ni Kiairishi kilichovaa nguo za Kiingereza: lugha hiyo haina njia ya Kiingereza ya kusema jambo limetimia, ina njia yake ya kusema jambo ndiyo kwanza limetimia, na wasemaji wake walipolazimika kuhamia Kiingereza waliibeba. Kwa sisi ambao tuna "ndiyo kwanza nimekula" na hatujawahi kuombwa tuiache, ni rahisi kuelewa kwa nini waling'ang'ania. Vivyo hivyo na "ninyi". Kiingereza cha shuleni kina neno moja tu, uwe unamsemesha mtu mmoja au umati. Mzee alikuwa na mawili. Alipomsemesha mwenzangu peke yake alitumia moja, alipotukusanya wote wawili alitumia jingine, nami kwa mara ya kwanza katika miaka yangu ya Kiingereza nikajisikia nimehesabiwa sawasawa.

Lakini neno lililonikaa zaidi ni lile alilomwita mpwa wake, ambaye nilivyoelewa hakupenda sana kuamka mapema: hangashore. Mwenzangu hakulijua. Alisoma Kiairishi shuleni miaka yote, kama wenzake, na hakulijua mpaka alipolitafuta kwenye simu. Asili yake ni ainniseoir, na kwa Kiairishi huyo ni mnyonge, hohehahe, mtu wa kuhurumiwa. Likavuka bahari. Wajukuu wasiojua tena Kiairishi wakalisikia kwa masikio ya Kiingereza, na kwa masikio hayo mwisho wa neno unasikika kama "ufukweni". Basi likapata maana kutokana na sauti yake: mvivu anayebaki nchi kavu wenzake wakienda kuvua. Mnyonge wa Waterford aligeuka mzembe wa Newfoundland. Huruma ilitolewa, lawama ikawekwa, na kazi hiyo ilifanywa na samaki. Mahali ambapo asiyekwenda baharini hali, neno la kumhurumia anayebaki halina soko.

Hapo ndipo ninapoachana na wanaotaka mwangwi uwe ushahidi wa damu. Ukipiga kelele mbele ya jabali, kinachokurudia ni sauti yako, kweli, lakini imechelewa na jabali limeipunguza na kuiongeza linavyotaka.

Mwenzangu alimwomba mzee ruhusa ya kumrekodi. Mzee akauliza, arekodi nini? Sauti yako. Sauti gani? Haikumwingia akilini kwamba ana lafudhi. Mwenye lafudhi alikuwa mgeni. Alikubali hata hivyo, akasimulia habari ya mtumbwi uliopinduka, na ile rekodi ikatumwa kwa WhatsApp kwa mama yake mwenzangu, Waterford, ambako saa ziko tatu na nusu mbele. (Newfoundland wana saa yao, nusu saa tofauti na jirani zao wa bara, na wanaionea fahari.) Jibu lilikuja tukiwa bado tunakunywa chai. Mama alikuwa analia na kucheka. Alisema hiyo ni sauti ya baba yake. Kisha akasema kwamba siku hizi kwao hakuna anayeongea hivyo, hata yeye mwenyewe.

Nilijua anachokisema kwa sababu nimewahi kuwa upande huo. Miaka michache nyuma, katika soko la Mutrah, Maskati, chini ya yale majabali makavu yanayoshuka moja kwa moja mpaka baharini, mzee mmoja wa Kiomani alinikaribisha kwa Kiswahili cha Unguja ambacho kiliniondoa duniani. Alikuwa mmoja wa waliotoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964. Kiswahili chake kilikuwa safi na kimesimama palepale kilipopanda chombo. Nilipotumia neno moja la vijana wa Dar es Salaam alinitazama kama nimetema mate. Nilitamani nimchukue nyumbani nimwonyeshe kwa watu. Na nilipoondoka nilijiuliza kama hayo ndiyo mapenzi, au ni tamaa ya mtu aliyeiacha nchi yake na anataka mwingine amtunzie ilivyokuwa.

Mhamiaji ana udhaifu huo. Yeye mwenyewe amebadilika, ameoa kwingine, watoto wake wanaongea kwa pua, lakini nyumbani anapataka pasibadilike. Nyumbani pakimkatalia, na Ireland ya leo imemkatalia mwenzangu vizuri sana, anageukia pwani ya mbali iliyofungiwa na umaskini na kuisifu kwa kuhifadhi asili. Ni kama kumsifu aliyekosa viatu kwa kuwa na nyayo ngumu.

Kesho yake ukungu uliinuka kidogo, tukaenda Rasi ya St. Mary's. Unaacha gari, unatembea kilomita moja na nusu hivi juu ya nyasi fupi zenye unyevu, kondoo wanakutazama, na harufu inakufikia kabla ya chochote. Kisha ardhi inakatika. Mbele yako, umbali wa kurusha jiwe, kuna nguzo ya mwamba iliyosimama peke yake baharini, ina urefu wa mita mia moja hivi, na juu yake mpaka chini ni nyeupe kwa ndege waitwao gannet, maelfu, vichwa vya manjano, ncha za mabawa nyeusi, kila jozi na nafasi yake isiyozidi kigoda. Wanaokuja na wanaoondoka hawagongani. Wenye viota wanasuguana midomo kama wanaonoa visu. Mwenzangu akasema kwamba ndege haohao wapo kisiwa cha Great Saltee, pwani ya Wexford, alikopelekwa akiwa mtoto. Akaanza kunionyesha kwa kidole jinsi genge lilivyojikunja, akasema hata mwamba ni uleule wa kwao.

Na kwa hilo la mwamba, niseme, alikuwa karibu na ukweli kuliko alivyodhani. Wanajiolojia wanalo bara dogo la kale walilolipa jina la Avalonia, kutokana na rasi hiyohiyo. Vipande vyake leo viko mashariki mwa Newfoundland, kusini-mashariki mwa Ireland, Wales na Uingereza, kwa sababu Atlantiki ilipofunguka ilipasua katikati. Kwa hiyo kama kuna undugu usio na shaka kati ya pwani hizo mbili ni wa mawe, na mawe hayana habari ya Waairishi.

Wakati tumesimama pale nilifikiria jambo jingine, ambalo sikumwambia kwa sababu hakuwa katika hali ya kuambiwa. Mwangwi unahitaji ukimya. Pwani ya Newfoundland isikike kama Waterford, lazima kwanza isisikike kama kitu kingine. Kisiwa kile kilikuwa na wenyewe, Wabeothuk, waliokuwa wakishuka pwani kwa samoni, sili na mayai ya ndege. Walowezi walipozijaza ghuba, walisukumwa bara ambako chakula hakikutosha, wakamalizwa na njaa, bunduki na kifua kikuu. Shanawdithit, mwanamke anayehesabiwa kuwa wa mwisho kujulikana miongoni mwao, alifariki St. John's mwaka 1829. Majira ya baridi kabla ya kifo chake alichora picha za watu wake, nyumba zao na safari zao, na michoro hiyo ipo. Ni miaka ileile ambayo meli za Waterford zilikuwa zimejaa.

Sisemi kwamba wavuvi wa St. Bride's ndio waliomuua. Mapambano mabaya zaidi yalikuwa kaskazini, walikokaa Waingereza, na Waairishi hawakuwa mabwana wa mtu; mwaka 1755 gavana wa Kiingereza aliamuru liharibiwe ghala la samaki ambamo misa ya Kikatoliki ilikuwa imesomwa kwa siri. Mtu anaweza kuwa amekandamizwa na wakati huohuo amekalia kiti cha mwingine. Wami'kmaq, wenyeji wengine ambao wapo kisiwani mpaka leo, hawahitaji mtu wa Tanga awafafanulie hilo.

Jioni ile mwenzangu aliniuliza kama nimeona jinsi mzee alivyofanana na watu wa kwao. Nikamwambia nimeona, lakini si kwa lafudhi. Nilichokiona ni picha zilizobanwa kwa sumaku kwenye mlango wa friji: wajukuu wamevaa helmeti za kazi, nyuma yao mitambo ya mafuta. Wote wako Alberta, jimbo la mafuta huko magharibi mwa Canada.

Tarehe 2 Julai 1992 serikali ya Canada ilipiga marufuku uvuvi wa chewa wa kaskazini, baada ya meli kubwa za nyavu za kukokota, za nje na za ndani, kumvua mpaka akabaki kidogo mno. Watu wapatao 30,000 walikosa kazi kwa tangazo moja. Idadi ya watu wa jimbo zima ilikuwa 568,000 mwaka 1991. Miaka 15 baadaye ilikuwa 505,000. Marufuku ile iliondolewa 2024, kwa kiwango cha tani 18,000 tu, lakini walioondoka wameshanunua nyumba huko walikokwenda. Mzee alisema wanawe hupiga simu Jumapili. Alisema pia kwamba wajukuu wanaongea "kama watu wa televisheni", na alilisema bila uchungu, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Mwenzangu aliondoka Ireland 2010, benki zimeanguka, kazi za ujenzi zimekauka, kila wiki kuna sherehe ya kumuaga mtu. Mama yake naye hupigiwa simu Jumapili. Ikiwa kuna kitu pwani ya Waterford na pwani ya Newfoundland zinacho pamoja leo, hiki ndicho ambacho ningekiweka mbele: zote mbili ni mahali pa kulea watoto wa kwenda kujenga kwa wengine. Mzee na yule mama wangeelewana vizuri zaidi wakizungumzia simu za Jumapili kuliko wakizungumzia mababu.

Tulirudi kwa njia ya Trepassey. Kiwanda cha samaki cha pale kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mji uliokuwa na watu zaidi ya 1,000 una kama 400. Tukaingia duka dogo kununua kahawa. Kwenye kaunta alikuwa binti wa miaka kumi na tisa hivi, na mwenzangu, ambaye bado alikuwa na njaa ya ile sauti, akaanza kumsemesha ili amsikie. Binti akajibu kwa Kiingereza ambacho ungekisikia kwenye treni yoyote ya Toronto. Alisema mwezi ujao anaondoka, ana dada yake Fort McMurray, hukohuko Alberta kwenye mafuta. Kisha akagundua lafudhi ya mteja wake, akachangamka.

"Wewe ni Mwairishi? Wa kweli? Dublin ikoje?"

Mwenzangu akafikiri kidogo. "Pazuri. Kazi zipo. Ila nyumba za kupanga hazipatikani, na ukiipata huwezi kuilipia."

"Kwa hiyo ni kama Toronto," akasema binti, akaturudishia chenji.